Zabibu Hizi ni za Nani?

Lebo ya chupa ya mvinyo ni andiko fupi kuliko shairi la beti moja, na wanunuzi wengi hulipitia haraka haraka kabla ya kutoa hela. Hata hivyo lina mwandishi, lina hadhira, lina ahadi, na lina mambo liliyoamua kuyanyamazia. Sisi tunaosoma shahada ya uzamili ya fasihi tumefundishwa kwamba andiko la namna hiyo linahakikika, liwe tenzi au tangazo la mnada.

Likizo hii nipo nyumbani, Old Korogwe, na mezani nina lebo mbili. Ya kwanza ni ya mvinyo mwekundu wa Dodoma, mji ninakosoma. Ya pili ni ya Barolo, mvinyo mwekundu wa kaskazini-magharibi mwa Italia. Chupa yake aliileta padri mmoja rafiki yetu aliporudi kutoka masomoni Turin, tukaigawana watu sita, kila mtu akaambulia robo glasi. Wengine walitaka waongezewe. Mimi niliomba chupa tupu.

Nianze na fani. Lebo ya Dodoma imejaa. Kuna kichala cha zabibu kilichochorwa, utepe wa rangi ya dhahabu, jina la biashara, neno Dodoma kwa herufi kubwa, maelezo kwamba huu ni mvinyo mwekundu usio na sukari, kiwango cha kilevi, ujazo wa chupa na anwani ya kiwanda. Lebo ya Barolo ni kavu kama stakabadhi ya halmashauri. Haina picha. Ina jina la mvinyo, Barolo. Chini yake neno moja, Bussia. Chini yake mwaka. Na mwisho jina la familia iliyoutengeneza. Asiyejua anaweza kudhani Bussia ni jina la mke wa mwenye kiwanda.

Bussia ni eneo la mashamba. Lipo Monforte d'Alba, mojawapo ya vijiji 11 vinavyoruhusiwa kisheria kuuita mvinyo wao Barolo, katika vilima vya Langhe, mkoa wa Piedmont. Vijiji vyote hivyo hutengeneza mvinyo huo kwa aina moja tu ya zabibu, Nebbiolo, ambayo huchelewa kuiva na kwa kawaida huvunwa Oktoba. Kwa kuwa zabibu ni ileile, kinachobaki kutofautisha chupa na chupa ni kilima, udongo, upande unaotazama jua, hali ya hewa ya mwaka ule, na mkono wa mtu.

Wenyeji walijua hivyo zamani. Ipo chupa iliyohifadhiwa huko ambayo juu yake imeandikwa Cannubi 1752. Cannubi ni kilima kilichopo kijiji cha Barolo, na neno Barolo lenyewe halimo kwenye chupa ile. Jina la kilima lilitangulia jina la mvinyo. Baadaye biashara ilikwenda kinyume. Wafanyabiashara wenye maghala walinunua zabibu kwa wakulima wengi, wakachanganya, wakaandika Barolo, basi. Katika mavuno ya 1961 ndipo nyumba mbili, Prunotto na Vietti, zilipotoa chupa zilizobeba jina la eneo moja la mashamba. Prunotto waliandika Bussia, Vietti wakaandika Rocche. Mwandishi Luigi Veronelli alikuwa miongoni mwa waliopigia debe mvinyo wa shamba moja kwa miaka mingi, na kidogo kidogo jambo la wachache likawa desturi. Mwaka 2010 sheria ikaweka orodha: majina 181 yanayoweza kuandikwa kwenye chupa ya Barolo, 11 ya vijiji vizima na 170 ya maeneo ya mashamba.

Hapo tunaingia kwenye maudhui. Jina la shamba kwenye chupa linatoa ahadi moja: kilichomo humu hakikutoka kwingine. Ni ahadi ngumu, maana inamfunga mwandishi wake. Mwaka ambao mvua ya mawe imepiga kilima kile, hana pa kukimbilia. Hawezi kujazia zabibu za ng'ambo ya bonde halafu akaacha jina lilelile. Na kwa mnywaji jina linafanya kazi nyingine, ambayo kwangu ndiyo kubwa zaidi. Linamwonyesha pa kupeleka sifa na pa kupeleka lawama.

Niseme kidogo kuhusu ladha, maana uhakiki wa lebo usiogusa kilichomo ndani ni kama kuhakiki jalada la riwaya. Barolo ile ilikuwa na rangi hafifu kuliko nilivyotarajia, karibu na chai ya rangi iliyokaa kwenye birika tangu asubuhi. Vitabu husema Nebbiolo hunukia waridi na lami, nikacheka, kisha nikanusa na kukumbuka barabara ya Segera saa sita mchana. Mdomoni ilikuja na ukakasi wa bibo ambalo halijaiva sawasawa, ule unaokausha ulimi na kukuacha unatafuta maji, halafu ukakasi ukaondoka taratibu na kubaki kitu kama tunda lililokaushwa. Mvinyo wa Dodoma ni mweusi zaidi, una joto, na unapaka ulimi rangi kama zambarau. Hauna aibu. Ukiupoza kidogo na kuula pamoja na nyama ya mbuzi wa Kigogo, sioni ni wapi unapaswa kuuomba radhi mvinyo wowote wa Ulaya. Kwa hiyo sihakiki hapa mvinyo mzuri dhidi ya mvinyo mbaya. Nahakiki maandishi mawili, moja likisema limetoka wapi na lingine likisema limetoka Dodoma.

Lakini nisimsifu mgema mpaka akatia maji. Majina ya Italia nayo yana hila zake, na Bussia ni mfano mzuri. Eneo linalobeba jina hilo kisheria lina karibu hekta 300, na limemeza mashamba kadhaa madogo ambayo zamani yalijulikana kwa majina yao. Kilima kimoja hakiwi na hekta 300. Jina lilipopata bei, mipaka yake ilipanuka, kama ambavyo viwanja vya "karibu na barabara" huzidi kusogea porini kadiri dalali anavyoongea.

Cannubi ilileta kesi. Pembeni mwa sehemu ya katikati ya kilima kile kuna vipande vyenye majina marefu zaidi, kama Cannubi Boschis na Cannubi San Lorenzo. Swali likawa: je, mwenye shamba kwenye vipande hivyo anaweza kuandika Cannubi tu? Wazalishaji kadhaa walipinga, shauri likapanda hadi Baraza la Taifa la Italia, ambalo kwa mambo ya aina hiyo ndilo mahakama ya mwisho, na mwaka 2013 likaamua kwamba wanaweza. Mtu anaweza kuona hapo ushindi wa wenye tamaa. Mimi naona kitu cha kutamanika kidogo: nchi ambayo neno moja kwenye lebo lina uzito wa kuwapeleka watu wazima mahakamani. Neno lisilo na thamani haligombewi.

Na wapo waliokataa mchezo wote. Bartolo Mascarello, mtengenezaji wa Barolo aliyefariki mwaka 2005, alikuwa na vipande vya mashamba sehemu nne, vingine katika maeneo ambayo majina yake yangemletea fedha nyingi, Cannubi kikiwamo. Alikataa kuvitenga. Alichanganya zabibu zote nne, akatoa Barolo moja, kama alivyofanya baba yake. Kwake mchanganyiko ulikuwa ndiyo Barolo yenyewe: mlima mmoja unatoa harufu, mwingine unatoa nguvu, wa tatu unatuliza. Binti yake, Maria Teresa, ameendelea vilevile. Hoja yake siwezi kuipuuza. Sisi wa pwani na bara pwani tunajua kwamba kuchanganya kunaweza kuwa ufundi. Pilau si dhambi kwa sababu ina viungo vingi. Lakini tuangalie kwa makini alichofanya Mascarello. Alichanganya mashamba yake, anayoyajua kwa majina, na alikuwa tayari kumtajia mtu yeyote yote manne. Kuchanganya unachokijua ni ufundi. Mchanganyiko ambao hata mwenyewe hujui umetoka kwa nani ni jambo jingine.

Hapo ndipo lebo ya Dodoma inaponipa shida.

Historia yake ina Waitalia ndani yake. Mizabibu ya Dodoma inahusishwa na wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia, waliohitaji divai ya misa, na Bihawana, nje kidogo ya mji, ndilo jina linalotajwa kwanza watu wakisimulia habari hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Waitalia walirudi kwa mlango mwingine, wa biashara, kikajengwa kiwanda huko Hombolo. Katikati ya matukio hayo mawili serikali ilijenga kituo cha utafiti Makutupora, kaskazini mwa mji, mahali ambapo vijana wengi wa Tanzania wanapajua kwa sababu ya kambi ya JKT. Aina ya zabibu nyekundu inayolimwa zaidi na wakulima wadogo inaitwa kwa jina la mahali hapo. Huu ni mchezo wa majina unaonifurahisha. Italia waliweka jina la mahali kwenye chupa na kuiachia zabibu jina lake. Sisi tuliipa zabibu jina la mahali, kisha mahali pakapotea kwenye chupa. Mzabibu wa Makutupora unaweza kuwa umelimwa Mpunguzi, Hombolo au Chamwino, na mnywaji hataambiwa.

Kuna jambo jingine ambalo lebo yangu imelinyamazia, nalo ni wakati. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na ukame mrefu baada yake. Mzabibu huko haulali kama wa Ulaya unavyolala wakati wa baridi. Mkulima ndiye anayeupangia usingizi kwa mkasi wa kupogolea, na kwa mwaka mmoja anavuna mara mbili: mara moja karibu na mwisho wa mvua, mara ya pili katika kiangazi, Agosti au Septemba. Kila aliyewahi kula zabibu za misimu yote miwili anajua kwamba si zabibu zilezile. Zile za mvua zina maji na huwahi kuoza. Zile za kiangazi zina sukari nzito na ngozi ngumu. Kwa maana hiyo lebo ya Dodoma ina nafasi ya kusema kitu ambacho lebo ya Barolo haiwezi kukisema. Barolo inaandika mwaka. Dodoma ingeweza kuandika mwaka na msimu. Lebo niliyonayo mezani haina hata mwaka.

Nilimwonyesha bibi yangu mzaa mama chupa zote mbili. Bibi ni Mzigua wa upande wa Handeni, Mwislamu, na kileo hajawahi kukitia mdomoni, ila ni mwenye duka la zamani na bidhaa anazijua kwa kuzishika. Alizigeuza, akazitazama chini, akauliza kuhusu ile ya Dodoma, "Mjukuu wangu, zabibu hizi ni za nani?" Nikamsomea jina la kiwanda. Akasema, "Huyo ni mwenye chupa. Nauliza mwenye zabibu."

Swali la bibi halikuanguka kutoka mbinguni. Limetoka Korogwe, na Korogwe ina historia yake na maandishi ya kwenye mizigo. Huku kwetu ni nchi ya mkonge. Mmea wenyewe uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na inaelezwa kwamba kati ya miche 1,000 aliyoagiza, iliyofika hai na kupandwa upande wa Pangani ilikuwa 62. Kutokana na hiyo wilaya nzima iligeuka mistari ya kijani isiyo na mwisho. Ngombezi, Magoma, Magunga, Hale, Mazinde: mtu wa hapa akitaja majina hayo anataja mashamba kwanza, vijiji baadaye. Singa ikishatoka korona, ikakaushwa na kupigwa brashi, inafungwa robota, na robota linapigwa chapa. Chapa inaonyesha shamba na daraja la singa. Mnunuzi aliye ng'ambo ya bahari aliweza kujua singa yake imetoka shamba gani la Tanga, na kama ina kasoro, kumwandikia mwenye shamba.

Kwa hiyo sisi tulikuwa na bidhaa ya shamba moja muda mrefu kabla sijasikia neno Barolo. Majina ya mahali yaliandikwa, tena kwa wino mweusi usiofutika. Na waliokata mkonge huo je? Waliitwa manamba. Neno lenyewe limetokana na namba. Babu yangu alikuja kutoka Njombe kwa mkataba katika moja ya mashamba hayo, na bibi anasema asubuhi nyapara hakuita majina, aliita namba. Siku ya kazi iliwekewa alama kwenye kipande, na kipande kilikuwa na siku 30. Usipozitimiza, mshahara unasubiri. Babu alikuwa Mbena, jina lake zuri lenye maana, na katika karatasi za shamba alikuwa tarakimu. Robota lilikuwa na jina, mtu alikuwa na namba.

Ndiyo maana siwezi kumaliza uhakiki huu kwa kusema tu kwamba Dodoma iige Italia, iandike majina ya mashamba kwenye chupa, tutakuwa tumeendelea. Jina la shamba peke yake si haki. Mkonge wa Korogwe ulikuwa na anwani kamili kuliko mvinyo mwingi wa leo, na anwani ile ilimfikisha mnunuzi kwa mwenye hati ya ardhi, ikaishia hapo. Sifa ilipokelewa ofisini. Lawama ilishushwa kwa namba.

Sasa tazama pombe isiyo na lebo kabisa. Wasambaa wa milimani, na sisi tunaokaa nao hapa chini, tunajua boha, pombe ya miwa. Haina chupa yake, haina kizibo, haina anwani ya kiwanda. Lakini muulize mnywaji wa boha alikunywa wapi, atakutajia mama fulani wa mtaa fulani, na atakwambia kama safari hii aliivua mapema au aliiacha ikachachuka sawasawa. Ikimuumiza tumbo, kesho yake asubuhi yupo mlangoni kwa mama huyo. Ikiwa nzuri, Jumamosi yupo palepale na wenzake watatu. Chema chajiuza, na kinajiuza kwa jina la mtu aliyekitengeneza. Hiyo ndiyo lebo kamili kuliko zote nilizosoma, ila inafika mwisho pale sauti ya mnywaji inapoishia. Haivuki mto Pangani.

Kwa hiyo kipimo changu cha lebo ni kimoja: je, sifa na lawama zikianza safari kutoka kwa mnywaji, zinamfikia nani? Kwa boha zinamfikia mpishi. Kwa mkonge wa zamani zilimfikia mwenye shamba. Kwa mvinyo wangu wa Dodoma zinafika kiwandani na kukwama. Mkulima aliyepogoa vizuri na mkulima aliyejaza maji zabibu zake wiki ya mwisho ili zipate uzito, wote wamemwagwa katika pipa moja, na wote wamelipwa kwa kilo. Hapo nani atajisumbua kupogoa vizuri? Kila mara tunaposikia kwamba zabibu za Dodoma zimekosa mnunuzi na zinaozea shambani, mjadala huwa ni bei na viwanda. Ni mjadala wa haki. Lakini bei ya kitu kisicho na jina huamuliwa siku zote na mwenye mizani.

Wakulima wa Langhe walipitia hapohapo, tena si zamani sana. Tusidanganywe na picha za vilima vya kupendeza. Riwaya ya Beppe Fenoglio iitwayo La malora, ya mwaka 1954, inasimulia habari za kijana wa Langhe aliyetolewa kwao kwenda kuwa mtumishi katika shamba la mpangaji kwa sababu nyumbani hapakuwa na chakula cha kutosha. Mwaka 1977 Nuto Revelli alichapisha Il mondo dei vinti, kitabu cha masimulizi ya wakulima maskini wa mkoa huohuo mdogo wa Cuneo, yaliyokusanywa kutoka midomoni mwao. Nikivifikiria vitabu hivyo sioni nchi ya mvinyo wa bei mbaya. Naona watu ambao babu yangu angewaelewa. Msimu wa mavuno, mkulima mdogo alipeleka zabibu zake sokoni Alba na kusubiri dalali ataje bei, huku zabibu zikizidi kulainika juani. Kadiri jua lilivyopanda ndivyo bei ilivyoshuka.

Kilichobadilisha hali hiyo kilikuwa na sura nyingi, na si zote zinaigika. Lakini upo mfano mmoja ninaotaka uhakiki huu usimame juu yake. Jirani na Barolo kuna Barbaresco, mvinyo wa zabibu ileile ya Nebbiolo. Mwaka 1958 paroko wa kijiji hicho, Don Fiorino Marengo, aliwakusanya wakulima wadogo 19 wakaunda ushirika, Produttori del Barbaresco. Mvinyo wao wa miaka ya mwanzo waliutengeneza chini ya kanisa. Ushirika huo upo hadi leo na umekua. Katika mwaka wa kawaida unachanganya zabibu za wanachama na kutoa Barbaresco moja, isiyo na jina la shamba. Katika mwaka mzuri unatenga zabibu za maeneo tisa, Asili, Rabajà, Montestefano na mengine, na kila eneo linapata chupa yake. Na kwenye lebo ya chupa hiyo, pamoja na jina la eneo, huandikwa majina ya wenye mashamba.

Ukiisoma kama mhakiki, lebo hiyo imefanya mambo matatu kwa pamoja ambayo nilidhani yanapingana. Imekubali hoja ya Mascarello kwamba kuchanganya ni ufundi, na imeitumia mwaka ambao ndiyo hekima. Imetunza ahadi ya shamba moja mwaka ambao shamba lina la kusema. Na imejibu swali la bibi bila kuulizwa, kwa kuorodhesha watu. Si jina la mwenye ghala, si namba za wavunaji. Kilichonigusa zaidi ni kwamba aliyeanzisha alikuwa padri wa kijijini, kama wale wa Bihawana. Padri mmoja alipanda mizabibu ili misa ipate divai. Mwingine alipanga wakulima ili wapate jina.

Najua neno ushirika kwetu lina makovu. Wazee wanaukumbuka mwaka 1976, serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika, na tangu virudishwe wapo waliouziwa matumaini kwa stakabadhi ambazo hazikulipwa. Hapa Korogwe, kwenye baadhi ya mashamba ya mkonge niliyoyataja, leo wapo wakulima wadogo wenye vipande vyao, wamejiunga katika AMCOS, na mjadala wao ni uleule: singa inapopimwa na kupewa daraja, nani anasimama karibu na mizani? Sitaki kupamba. Ushirika mbovu unaweza kuandika majina 50 kwenye lebo na kuwadhulumu wote 50. Lakini jina likishaandikwa, mdhulumiwa ana ushahidi mkononi ambao babu yangu hakuwa nao. Anaweza kuinua chupa na kusema: mimi ni huyu hapa, mstari wa nne.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya lebo mbili ni hii. Lebo ya Barolo ni andiko zuri, lenye nidhamu, lililobana maneno na kuyapa uzito, ingawa neno lake kuu limevutwa likapwaya. Linaeleza mahali na familia moja iliyobahatika kumiliki mahali hapo. Lebo ya Dodoma ni andiko lenye haya kupita kiasi. Limeficha kilicho bora ndani yake, yaani vijiji vyake, misimu yake miwili, na mikono yake mingi, halafu likachora kichala cha zabibu ambacho kingeweza kuwa cha nchi yoyote. Tatizo lake si kuchanganya. Tatizo ni kwamba halikuweka kumbukumbu ya walichochanganya, na asiyeweka kumbukumbu hawezi kumlipa aliyefanya vizuri zaidi.

Marekebisho yake si makubwa, na mhariri yeyote angeyaandika pembeni kwa penseli. Ondoa utepe wa dhahabu. Andika mwaka, na baada ya mwaka andika kama ni mavuno ya mvua au ya kiangazi. Andika kijiji. Mahali palipobaki wazi nyuma ya chupa, pale ambapo sasa pameandikwa kwamba mvinyo huu unafaa kwa hafla zote, pana nafasi ya majina 20 ya watu, kwa herufi ndogo, bila namba.